Sura ya Tano: Shoka Lisilokata

Katika kijiji cha Gränsfors, jimboni Hälsingland nchini Uswidi, mashoka yamekuwa yakifuliwa tangu mwaka 1902. Kila kichwa cha shoka kinachotoka kiwandani hapo siku hizi kina alama ya taji na, pembeni yake, herufi za kwanza za jina la mhunzi aliyekifua. Ni herufi ndogo, na baada ya miaka ya kazi huanza kuzibwa na utomvu, lakini zinatosha kumfunga mtu. Kichwa kikipasuka, inajulikana kimetoka mkononi mwa nani.

Haikuwa hivyo siku zote. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilifilisika, na mmiliki mpya, Gabriel Brånby, akaukuta utaratibu uliokuwa wa kawaida katika biashara nzima ya vyombo vya chuma. Wahunzi walilipwa kwa idadi ya vichwa. Kilichotoka na kasoro kilisagwa, kikasuguliwa, kikapakwa rangi. Mpini uliokaa vibaya ukagandishwa kwa gundi. Mnunuzi aliona shoka linalong'aa, akalipa, akaenda zake. Brånby aliondoa malipo ya idadi, akaondoa rangi na gundi, akaacha kichwa kiingie sokoni na alama za nyundo mwilini mwake. Shoka lisilopakwa kitu halina pa kuficha ufa, kwa hiyo njia pekee iliyobaki ni kulifua vizuri tangu mwanzo. Kampuni ikaweka na dhamana ya miaka 20.

Miongoni mwa mashoka hayo limo moja zito, la kupasulia. Kichwa chake kina kilo 2.5 na mpini wake urefu wa sentimita 80 hivi. Mbele kuna makali. Nyuma kuna kisogo bapa kilichotengenezwa kugonga kabari ya chuma bila kuharibika. Aliyezoea shoka la kuangushia miti akilishika kwa mara ya kwanza hudhani limekosewa, kwa jinsi mashavu yake yalivyonenepa. Akilipiga ubavuni mwa mti uliosimama litadunda na kumwachia ganzi viganjani. Makali yake yana kazi moja fupi, kuingia milimita chache, kisha kupisha mashavu yafanye yaliyobaki.

Kukata ni kuzivuka nyuzi za mti, na kupasua ni kuzifuata. Tofauti hiyo ndiyo iliyoamua umbo la chombo kizima.

Mti umejengwa kwa seli nyembamba, ndefu, zilizo wazi ndani kama mirija iliyofungwa pamoja, karibu zote zikielekea juu. Kuta zake zina selulosi, na kinachozigandisha ni lignini. Anayevuta kipande cha mti kwa urefu anashindana na selulosi, ambayo ni ngumu ajabu. Anayekivuta kwa upana anashindana na gandisho tu. Kwa miti mingi uwezo wa kuhimili mvuto wa urefu ni mara ishirini au zaidi ya ule wa upana. Halafu kuna njia nyingine ya udhaifu: mistari myembamba ya seli inayotoka kwenye kiini cha shina kuelekea gome, ambayo kazi yake mti ukiwa hai ni kusafirisha chakula kwa upana. Gogo likianza kukauka, nyufa hufunguka kwa kuifuata mistari hiyo, kutoka katikati kwenda nje. Mpasuaji mzoefu huzisoma nyufa hizo kabla hajanyanyua kitu.

Kwa hiyo shoka la kupasulia halina haja ya kuzishinda nyuzi. Linahitaji kuzitenganisha mahali pamoja tu, na mpasuko utakimbia wenyewe mbele ya chuma. Gogo likifunguka vizuri, makali huwa hayagusi mti tena: mashavu ndiyo yanayosukuma vipande kulia na kushoto, na ncha ya shoka inapita katika nafasi iliyokwisha kuwa tupu. Ndiyo maana shoka la aina hii hukaa miaka bila kunolewa sana. Kinacholichosha ni mambo mengine, na tutayafikia.

Watu wa Skandinavia walikuwa wamekwisha kuufanya mpasuko huo kuwa ufundi wa hali ya juu miaka elfu moja iliyopita, na si kwa ajili ya kuni. Merikebu ya kivita inayojulikana leo kama Skuldelev 2 ilijengwa karibu na Dublin mwaka 1042, na mabaki yake yalitolewa katika ghuba ya Roskilde huko Denmark. Mbao zake za mwaloni hazikupitishwa msumeno. Mafundi walipanga kabari kwenye shina, wakaligawa nusu, kisha robo, kisha nusu ya robo, na kuendelea hivyo wakifuata ile mistari ya kutoka kwenye kiini, hadi wapate mbao nyembamba za kuchongwa kwa shoka. Ubao uliopasuliwa hauna nyuzi zilizokatwa njiani, hivyo unaweza kuwa mwembamba, ukapindwa na bado usivunjike. Nakala ya merikebu hiyo, Havhingsten fra Glendalough, ilishushwa majini mwaka 2004 baada ya kujengwa kwa vifaa vya namna ileile, na mwaka 2007 ikasafiri kutoka Roskilde hadi Dublin.

Karne nane baada ya merikebu ya Dublin, kazi hiyohiyo ilimpa mwanasiasa mmoja wa Marekani jina la utani ambalo hakuna mshauri wa kampeni angeweza kulibuni. Mwaka 1830 Abraham Lincoln na jamaa ya mama yake, John Hanks, walipasua mbao za kujengea ua karibu na Decatur, Illinois. Mwezi Mei mwaka 1860, chama cha Republican cha jimbo hilo kilipokutana mjini Decatur, mbao mbili zilizosemwa kuwa za ua ule ziliingizwa mkutanoni, Hanks akiwa miongoni mwa waliozibeba. Wakili aliyekuwa akivaa suti na kutetea makampuni ya reli akageuka kuwa mpasua mbao, na hivyo ndivyo alivyochorwa kwenye mabango hadi akaingia Ikulu.

Vifaa vya Lincoln vilikuwa viwili: kabari za chuma, na nyundo kubwa ya mti mgumu ya kuzigongea. Makumbusho ya Smithsonian mjini Washington inayo kabari moja yenye herufi A.L., iliyopatikana mwaka 1885 huko New Salem alikowahi kuishi. Mpasuaji wa enzi hizo alisimika kabari, akagonga, akasimika ya pili mbele zaidi, akagonga tena, akiufukuza ufa hadi mwisho wa gogo. Kwa mbao ndefu hakuna njia bora zaidi hadi leo. Kwa kuni fupi za jikoni utaratibu huo ni wa polepole mno, na shoka zito la kupasulia ni jibu lake: nyundo na kabari katika kichwa kimoja.

Kichwa kiwe kizito kiasi gani? Hapo ndipo wapasuaji wanapobishana bila kuchoka, na fizikia haiwasaidii kunyamaza. Kichwa cha kilo 2.5 kikiachwa kianguke chenyewe kutoka mita 2 kinafika chini na jouli 49. Kinachozidi hapo kinatoka mikononi, mgongoni na miguuni mwa mtu. Kikishuka kwa mita 10 kwa sekunde kina jouli 125. Sasa mpe mtu huyohuyo kichwa cha kilo 1.6, na tuseme wepesi wake umemwezesha kukishusha kwa mita 14 kwa sekunde: jouli zinafika 157 hivi. Ukiongeza uzito maradufu, nishati inaongezeka maradufu. Ukiongeza kasi maradufu, nishati inakuwa mara nne.

Hesabu hiyo imeitajirisha Fiskars, kampuni ya Ufini iliyoanza mwaka 1649 kama kiwanda cha chuma. Mashoka yake ya kupasulia yana vichwa vyepesi kiasi, mashavu yaliyochongwa kwa makini, na mpini mtupu ndani uliotengenezwa kwa nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo, ili uzito wote uhamie mbele. Kwenye mbetula, ule mti wa kaskazini wenye gome jeupe, au kwenye msonobari ulionyooka, shoka la namna hiyo hufanya kazi kwa raha, na mtu anaweza kulitumia tangu asubuhi hadi saa sita bila kuinama mgongo.

Lakini gogo pana, bichi, lenye mafundo ya matawi, hudai kitu kingine. Pale kichwa chepesi huingia na kusimama. Kichwa kizito, hata kikija polepole, kina msukumo unaoendelea baada ya mti kuanza kukaza. Na kisogo cha shoka zito kinaweza kugongea kabari gogo likikataa kabisa, jambo ambalo halifai kufanywa kwa shoka jepesi, kwa kuwa tundu la mpini litatanuka au kupasuka. Kilo 2.5 hadi 3 zinamfaa mtu mzima wa kawaida. Yapo pia ya kilo 4 na kuendelea, na mengi ya hayo yanauzwa kwa wanaume wanaotazamwa na jirani.

Mfini mwingine, Heikki Kärnä, aliyewahi kuwa mwongoza ndege, aliamua kwamba ubishi wote huo umekosa shabaha. Shoka lake, Vipukirves, lina kichwa kilichoegemea upande mmoja, hivyo kitovu cha uzito hakiko juu ya makali. Makali yakiingia, kichwa hujipinda na kukibandua kipande cha kuni kwa pembeni, mithili ya wenzo. Mtumiaji anatakiwa kulegeza mshiko wakati wa pigo ili mpini uzunguke mkononi, kinyume cha kila alichofundishwa na babu yake. Linapasua vizuri magogo yaliyonyooka, tena halizami hadi kwenye kigogo cha chini. Kwa magogo yaliyofumana linabaki kuwa shoka la ajabu tu.

Chuma, hata hivyo, ndicho sehemu rahisi. Shoka hufia kwenye mpini.

Hufia hapo kwa sababu ya umbali. Mpasuaji akisimama sentimita tano karibu zaidi ya ipasavyo, kichwa kinapitiliza na mpini ndio unaoligonga gogo, inchi moja au mbili chini ya chuma. Pigo lile lililokusudiwa kuingia kwenye nyuzi za gogo linaingia kwenye nyuzi za mpini. Baada ya mara kumi, ishirini, sehemu hiyo huanza kunyauka na kutoa vibanzi, na siku moja kichwa kinaruka. Wahunzi wa Gränsfors wamelivika shoka lao zito bangili ya chuma chini kidogo ya kichwa, ilinde mahali hapohapo. Ni kipande kidogo cha bati nene, hakina uzuri wowote, na kinaonyesha kwamba aliyekibuni amewahi kuwatazama watu wakipasua kuni.

Mti wa mpini unaopendwa kaskazini ni hikori, wa Amerika ya Kaskazini, kwa sababu hustahimili mshtuko na hupinda kidogo bila kukatika. Lakini hikori iliyochongwa vibaya ni dhaifu kuliko mti wa kawaida uliochongwa vizuri. Nyuzi zinapaswa kwenda na mpini tangu juu hadi chini, zisitokee pembeni katikati ya safari. Ukitazama kitako cha mpini, mistari ya pete za mwaka inatakiwa ielekee upande ule ule wa makali, isikatize. Mnunuzi makini hugeuza mashoka kumi dukani kabla ya kuchukua moja, na muuza duka amwache.

Kichwa hushikwa na mpini kwa kabari ya mti inayogongwa kwa juu, ndani ya tundu, ikatanua mpini hadi ukajaza. Hapo kuna tabia moja iliyoenea duniani kote, kuanzia mashamba ya Illinois hadi vijiji vya Njombe: kichwa kikilegea, shoka linatumbukizwa kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi limekaza. Maji yameuvimbisha mti, lakini chuma hakivimbi, kwa hiyo nyuzi zilizo ndani ya tundu zimejibana na kupondeka. Mti ukikauka tena unakuwa mwembamba kuliko mwanzo, na shoka linalegea zaidi. Dawa yake ni kugonga kabari zaidi ndani, au kubadilisha kabari, na kuupaka mpini mafuta ya kitani mara chache kwa mwaka ili unyevu usiingie na kutoka ovyo.

Wahunzi wa Afrika Mashariki na Kati walilimaliza tatizo hilo kwa kuligeuza. Shoka la jadi halina tundu kwenye chuma. Tundu liko kwenye mti: mpini huchongwa ukiwa na kichwa kinene cha rungu, ukatobolewa kwa chuma cha moto, na mkia uliochongoka wa bapa ukachomekwa humo. Kila pigo huusukuma mkia ndani zaidi, shoka likajikaza lenyewe kazini. Mpini ukivunjika, mwingine huchongwa jioni hiyohiyo kwa mkole au mti wowote mgumu ulio karibu. Kasoro yake ni kwamba mkia ule nao ni kabari, na kabari haichagui. Ikipigwa sana itaanza kulipasua rungu lenyewe. Ndiyo maana wachongaji hupenda kichwa cha rungu kitoke mahali shina linapokutana na mzizi, ambapo nyuzi zimefumana na hazina njia iliyonyooka ya kupasukia. Kwa kukata, kufyeka na kuchonga, shoka hilo ni jepesi na la kutegemewa. Kwa kulichanja gogo nene, bapa lake jembamba hubanwa, na mtu hubaki akilitikisa kulichomoa.

Masokoni leo mashoka ya aina zote mbili yapo pamoja na mengi ya kigeni. Katika karakana za jua kali za Kamukunji, Nairobi, vyombo vya mkono hufuliwa kutokana na vyuma chakavu, zikiwemo springi za malori. Springi si chaguo la umaskini tu. Ni chuma kilichotengenezwa kustahimili mshtuko maelfu kwa maelfu ya mara, na mhunzi anayejua kukitia maji kwa kiasi na kukirudisha kidogo motoni ili kisiwe chenye kuvunjika kama kioo anaweza kutoa kichwa cha kudumu. Kichwa kisichotiwa maji ipasavyo hujikunja makali. Kilichozidishwa hubanduka vipande. Tofauti haionekani kwa macho siku ya kununua.

Na hapa lazima kurudi kwa Fiskars. Mpini wake wa nailoni hauozi, haulegei, haunyauki kirahisi, na kichwa chake kimeshikamana nao tangu kiwandani. Ukivunjika, basi. Hakuna fundi atakayeutoa na kuweka mwingine, kwa sababu hakuna tundu la kuweka mwingine. Shoka la Gränsfors mpini wake utavunjika mapema zaidi, pengine mara tatu katika maisha ya mmiliki mmoja, na kila mara kichwa kitavalishwa mti mpya. Anayepasua kuni wikendi moja kwa mwaka hana sababu ya kulipa bei ya mhunzi. Anayeishi kwa kuni, mbali na duka, afadhali awe na chombo ambacho anaweza kukitibu mwenyewe.

Kuhusu namna ya kupiga, yameandikwa mengi kuliko yanayohitajika. Yanayohitajika ni haya. Gogo huwekwa juu ya kigogo kingine kifupi, usawa wa goti au chini yake, ili shoka likikosea lizame kwenye mti na si kwenye mfupa wa muundi. Miguu hupanuliwa sambamba, hakuna unaotangulia. Shoka hupandishwa wima, mkono wa juu ukiteleza kwenye mpini, na linaposhuka magoti nayo hushuka, hivyo kichwa kinabaki kikielekea chini badala ya kufuata duara linaloishia miguuni. Macho hukaa pale unapotaka makali yatue. Gogo pana halipigwi katikati. Hupigwa pembeni, karibu na gome, likapunguzwa vipande kwa kuzunguka. Fundo la tawi huepukwa. Ufa ukionekana, huo ndio mlango.

Wengi hulitia gogo ndani ya tairi kuukuu la gari lililolazwa juu ya kigogo. Vipande hubaki vimesimama humo baada ya kila pigo, na mtu hainami kuviokota kila mara. Mgongo unaokolewa zaidi kuliko kwa aina yoyote ya shoka. Na kuna katazo moja lisilo na mjadala: shoka halipigwi kwa kisogo cha shoka jingine. Chuma kilichokomazwa kikigongana na chuma kilichokomazwa hutoa vibanzi vinavyoruka kasi, na jicho ndilo huvipokea. Hata kabari ambayo kisogo chake kimechanua kwa kupigwa inapaswa kusagwa pembeni kabla haijatumika tena.

Lakini kwa nini kupasua kabisa? Gogo zima nalo linaungua.

Linaungua vibaya, kwa sababu ya maji. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa na maji hadi nusu ya uzito wake, na gome limeumbwa kuyazuia yasitoke. Katika gogo zima unyevu hutoka zaidi kupitia ncha mbili zilizokatwa. Ukilipasua, unafungua kuta mpya ambazo jua na upepo vinaweza kuzifikia. Kilo moja ya maji kutoka joto la kawaida hadi kuwa mvuke inakula megajouli 2.6 hivi, wakati kilo moja ya mti mkavu kabisa inatoa kama 18 au 19. Ukifanya hesabu utaona kwamba joto linaloibwa na maji si kubwa kama watu wanavyodhani. Hasara kubwa iko kwingine: moto uliopozwa hauunguzi gesi zote zinazotoka kwenye kuni, gesi hizo zinaondoka zikiwa moshi na lami, na lami huganda kwenye bomba la moshi hadi siku itakapowaka yenyewe. Ndiyo sababu, tangu Mei 2021, sheria za England zinataka kuni zinazouzwa kwa mafungu madogo ziwe na unyevu usiozidi asilimia 20.

Norwei haikuhitaji sheria ili kulichukulia jambo hili kwa uzito. Desturi ya huko ni kuangusha miti mwishoni mwa majira ya baridi, maji yakiwa machache shinani, na kupasua wakati barafu ingalimo ndani ya mti, kwa kuwa mti ulioganda hupasuka kwa urahisi zaidi. Kuni zikipangwa nje kabla ya Pasaka au karibu nayo, kiangazi huzikausha. Mwaka 2011 mwandishi Lars Mytting alitoa kitabu kizima kuhusu kukata, kupasua na kupanga kuni, Hel Ved, kikanunuliwa kwa wingi kiasi cha kuwashangaza hata wachapishaji. Februari 2013 shirika la utangazaji la taifa, NRK, likarusha kipindi cha saa 12 kilichotokana nacho. Saa nane kati ya hizo zilionyesha moto tu, ukiwaka. Watazamaji walituma malalamiko. Kwa maelezo ya waliokitengeneza, nusu walikasirika kwamba kuni zilipangwa gome likitazama juu, na nusu nyingine kwamba zilipangwa gome likitazama chini.

Huku kwetu mabishano ya gome hayajaota mizizi, na sababu ni umbo la jiko. Kwenye mafiga matatu ukuni haukatwi ili utoshe. Husukumwa ndani kadiri unavyoungua, hivyo tawi refu lisilopasuliwa linafaa, na shoka huhitajika zaidi kwa kuni za shughuli, pale wanaume wanapoitwa kuchanja magogo ya kupikia pilau ya harusi au chakula cha matanga. Majiko yaliyoboreshwa yamebadilisha hesabu. Jiko la Kenya lililopewa jina la Kuni Mbili lina mlango mwembamba na ukuta wa udongo uliochomwa. Linataka vipande vyembamba, vikavu, viwili au vitatu kwa wakati. Jiko limepunguza kuni na kuongeza kazi ya shoka, na maelezo ya wauzaji mara nyingi husahau kusema kazi hiyo itafanywa na nani, wakati mama wa nyumba ndiye huyohuyo aliyezibeba kutoka porini.

Na mti wenyewe mara nyingi ni mkaratusi. Ulitoka Australia, Menelik wa Pili aliupandisha Addis Ababa miaka ya 1890 kwa sababu mji mkuu wake ulikuwa umemaliza kuni za karibu, na mwanzoni mwa karne ya 20 ukapandwa Kenya ili kulisha injini za reli ya Uganda. Leo viwanda vya chai vya nyanda za juu huchoma magogo yake kwenye matangi ya mvuke ya kukaushia majani. Unakua upesi, unawaka kwa nguvu, na una tabia inayomtesa mpasuaji: nyuzi zake mara nyingi hujizungusha na kufumana. Ukipasuliwa wiki ya kwanza, mbichi, unakubali. Ukiachwa miezi sita ukakauka ukiwa gogo zima, shoka la kilo 2.5 hutua juu yake na kudunda. Mvinje wa pwani nao si mpole ukikauka, wala mgunga.

Kila rundo huwa na magogo machache yasiyopasuka, mkaratusi huku, mwelmu kule Ulaya, panda za matawi kila mahali. Mtu anaweza kuyazunguka kwa kumega pembeni, anaweza kutumia kabari tatu na jasho la saa nzima, anaweza kuita msumeno wa mashine. Wapasuaji wa zamani huliangalia gogo la namna hiyo kwa faida yao: hulikata chini na juu likae sawa, hulisimika uani, na kuanzia siku hiyo kuni nyingine zote hupasuliwa juu yake.